Sarafu za kwenye kopo la nyumbani: namna ya kuziweka hapa visiwani na namna ya kuzisoma, kwa anaeanza

Assalamu alaykum. Kama nyumbani kwenu kuna kopo la maziwa, mkebe wa biskuti au kitambaa kilofungwa fundo na ndani mna sarafu za zamani, basi kabla hujafanya chochote nakuomba kitu kimoja: usizioshe. Usizisugue kwa ndimu, usitie ukwaju, wala majivu, wala dawa ya meno, wala ile waya ya kusugulia masufuria. Najua sisi tumezoea chombo cha shaba au cha fedha kikisuguliwa kikang'aa ndo kimetunzwa, sinia, buli, mrashi, na kwa vyombo sawa kabisa, lakini kwa sarafu ni kuiua. Ile rangi ya kahawia au nyeusi juu ya shaba ni tabaka lilojijenga kwa miaka mingi na ndo linalolinda shaba ya chini, ukilitia ndimu asidi inalila, unabaki na kitu cha rangi ya waridi kisichofanana na chochote, na hakirudi tena kama kilivyokuwa. Dawa ya meno nayo ina mchanga laini sana, huuoni kwa jicho lakini ukitazama kwa lenzi utaona mistari midogo midogo imejaa uso mzima, na mnunuzi au mtu wa makumbusho ataiona mara moja.

Mwongozo huu ni mrefu kwa sababu mambo ni mawili kwa pamoja, kuziweka zisiharibike kwenye hewa hii yetu ya chumvi na unyevu, na kuzisoma ujue ulichonacho ni nini. Watu wengi hufanya la kwanza nusu nusu na la pili hawalifanyi kabisa, halafu kopo linauzwa kwa kilo.

Vitu vya kutafuta kwanza

Taulo au kitambaa kinene cha pamba utandike mezani, ili sarafu ikikuponyoka isipige kwenye simiti au marumaru. Lenzi ya kukuzia mara kumi, zile wanazotumia masonara na mafundi saa. Sumaku ndogo. Daftari la kava gumu na penseli. Mizani ndogo ya kidijitali inayopima mpaka sehemu ya mia ya gramu, na kama huna usinunue kwanza, nenda kwa sonara unaefahamiana nae ukamuombe akupimie, wengi hawakatai. Simu yako kwa picha. Basi, vyengine vitakuja baadae.

Kushika

Nawa mikono, ikauke vizuri, kisha shika sarafu kwa ukingo tu, kidole gumba upande huu na cha shahada upande ule, usiguse uso. Jasho letu lina chumvi na mafuta, na kwenye shaba alama ya kidole ikishakaa wiki chache inakuwa doa la kudumu. Usiitemee mate ukaipangusa na shati ili usome mwaka, watu wanafanya sana hivi. Kama husomi, egemeza taa pembeni, mwanga ukija ubavuni maandishi yaliyofutika yanatokeza kivuli na mwaka unasomeka.

Kuzichambua

Mwaga zote juu ya taulo taratibu, usizitikise kopo. Pitisha sumaku. Zinazonasa ziweke peke yake, hizo nyingi ni za Tanzania za kuanzia mwishoni mwa miaka ya 80, mana hapo ndo chuma kilovikwa nikeli au shaba juu kilipoanza kutumika, mfano ile shilingi moja ya 1987 yenye sura ya Mzee Mwinyi. Lakini usidhani kila kinachonasa ni chuma, nikeli tupu nayo hunasa, rupia ya India ya 1947 ni ya nikeli na itakuja kwenye sumaku vile vile. Sababu ya kuzitenga ni kuwa chuma kikipata mkwaruzo mdogo tu kinaota kutu nyekundu, na kutu hiyo ukiiacha inachafua za jirani.

Kisha tenga kwa rangi: shaba na burunzi huku, nyeupe kule. Usichanganye tena. Sarafu za metali mbali mbali zikikaa zimegusana kwenye unyevu zinaharibiana.

Sasa angalia kijani. Hapa pana tofauti kubwa na nataka uielewe vizuri. Kijani kilicholala, kigumu, laini, kimeshikana na sarafu, hicho hakina neno, kiache. Kijani cha pili ni cheupe cheupe, unga unga, kimekaa kama vipele kwenye vishimo, ukikigusa kwa kijiti cha meno kinatoka na baada ya wiki kimerudi. Hicho ndo adui. Ni chumvi, ile kloridi, imeingia ndani ya shaba na kwa msaada wa unyevu inaendelea kuila kutoka ndani. Sarafu zilokaa karibu na bahari au zilozikwa ardhini ndo hupata sana. Sarafu kama hiyo itenge siku hiyo hiyo, itie kwenye kichupa chake chenye kifuniko na vipakti vya silika jeli vya kutosha, mana bila ya unyevu haisongi mbele, na usiirudishe na wenzake. Na kama kijani chenyewe kinanata kama utelezi wa mafuta, hicho ni kitu chengine kabisa, kimetoka kwenye plastiki mbaya, nakifikia sasa hivi.

Mchanga na uchafu wa kawaida

Kama ni udongo tu umekaukia, kuna njia moja ninayoiamini kwa anaeanza. Maji yaliyokenekwa (distilled water), yale ya famasi, weka kwenye bakuli la gilasi, zamisha sarafu usiku kucha, badilisha maji kila siku mpaka yabaki safi, itoe, ibonyeze bonyeze na kitambaa laini bila kusugua, iache ikauke masaa mengi mbali na jua. Usitumie maji ya mfereji wala ya kisima, ya kwetu mengi yana chumvi na chokaa. Na tahadhari kubwa, ukienda dukani usiseme tu unataka maji ya betri, mana wengine watakupa asidi, na hiyo itakuunguza wewe na sarafu.

Ule utelezi wa kijani wa plastiki unaondoka kwa asetoni safi, siyo ile dawa ya kuondolea rangi ya kucha yenye manukato. Chombo cha gilasi, dirisha wazi, hakuna moto, hakuna sigara, watoto mbali, chovya dakika chache, itoe, iache ikauke yenyewe. Zaidi ya hayo mawili usifanye kitu.

Kuziweka

Hapa ndo kwetu kugumu kuliko wenzetu wa nchi za baridi, kwa hivyo ushauri mwingi wa onlaini hautoshi. Wao wanaambiwa weka kwenye albamu, weka kabatini, umemaliza. Sisi tuna masika ambapo hata viatu vinaota ukungu, na tuna upepo wa bahari unaoingia na chumvi mpaka chumbani.

Anza na kinachoigusa sarafu yenyewe. Plastiki siyo zote sawa. Geuza chini ya chombo au soma kava utafute pembetatu yenye namba, 1, 2, 4 na 5 unaweza kuziamini, namba 3 ikimbie, hiyo ndo ile laini inayonuka dukani, ya vile vikava vya kitambulisho na albamu za bei rahisi zenye kurasa zinazonata. Ikipata joto inatoa asidi na ule utelezi niloutaja. Kama haina namba, inuse, ikiwa inanuka kama pazia jipya la bafuni usiitie sarafu yako humo. Vile vifuko vidogo vya zipu vya kutilia dawa au shanga kawaida ni salama, na vinapatikana kirahisi. Sarafu moja kifuko kimoja, usibane mbili.

Ukipata vile vikadi vya mraba vyenye dirisha la plastiki ngumu katikati ambavyo hukunjwa na kupigwa stepla, ni vizuri sana, ila pini za stepla zilalishe kwa koleo, mana zikibaki zimesimama zitakwaruza sarafu ya kadi ya jirani, na siku ya kuitoa zitoe pini zote kwanza, usiivute. Vikopo vidogo vya duara vya plastiki ngumu ndo bora kuliko vyote, na hivyo nashauri uviwekee zile chache za thamani tu.

Vitu vya kutovitumia: raba, karatasi ya gazeti, selotepu. Raba na gazeti vina salfa, na salfa inaigeuza fedha kuwa nyeusi. Selotepu inaacha gundi. Pia sanduku la nguo la mbao, nalisema hili kwa uzito kwa sababu ndo pahala pa kwanza mtu wa kwetu anapofikiria. Sanduku linapendeza, lina njumu, ni la bibi, lakini mbao zenyewe hutoa mvuke wa asidi, halafu ndani mna vidonge vya nondo, mna nguo zilofukizwa udi, mna chupa ya mafuta ya mawardi au ya karafuu inayovuja kidogo. Moshi wa udi unaacha utando kwenye metali. Sanduku libaki la kanga na mabuibui, sarafu zitafutie pahala pengine.

Pahala penyewe ni hivi. Chukua chombo cha chakula cha plastiki ngumu, namba 5, chenye kifuniko cha kubana kwa klipu nne na mpira wa kuzuia hewa. Ndani panga vifuko vyako vikiwa vimesimama kama kadi za maktaba, na pembeni tia vipakti vya silika jeli, vile vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu na mikoba mipya, waambie jamaa wakuwekee wasivitupe. Ila vya kwenye viatu huwa vishakunywa unyevu njiani, kwa hivyo ukiweza pata ile ya chembe za rangi ambayo hubadilika rangi ikishiba, ndo utajua lini ubadilishe. Mchele siyo badala yake, unavuta unyevu kidogo sana, una vumbi, na utaleta dudu. Funga, weka ndani ya kabati la chumba cha ndani, siyo ukuta unaotazama bahari, siyo jikoni, siyo juu ya friji, wala siyo sakafuni ambako unyevu hupanda.

Na usilifungue kila siku. Siku ya mvua ya masika ukifungua umeingiza hewa nzito na umeifungia ndani. Mimi nafanya ukaguzi mara mbili kwa mwaka, kusi likishaanza na mvua za masika zikishakatika, na tena kaskazi baada ya vuli. Siku kavu, mchana, napitia kifuko kimoja kimoja, naangalia kijani, naangalia kutu, nabadilisha silika, nafunga.

Kuandika

Hii ndo sehemu ninayoipigania zaidi ya zote, mana sarafu isiyo na maelezo ukifa wewe imekufa na hadithi yake. Kila moja ipe namba. Namba iandikwe kwa penseli kwenye kikaratasi, kikaratasi kikae nje ya kifuko au kwenye kifuko chake pekee, siyo kimegusana na metali. Kwenye daftari andika nchi, thamani, mwaka kama ulivyoandikwa, jina la mfalme au kiongozi, herufi ndogo yoyote utakayoiona, metali, uzito, hali yake, na halafu mstari mrefu kuliko yote: imetoka wapi. Nani alikuwa nayo, alikaa wapi, aliipataje, wewe umeipata lini, kwa bei gani au bure.

Mfano:

Namba 14. Senti 10 ya tundu. EAST AFRICA, 1936, EDWARDVS VIII, herufi H. Burunzi, kahawia, haijasuguliwa. Ilikuwa kwenye mkebe wa bibi mzaa mama, Wete, pamoja na namba 9 mpaka 17. Bibi anasema mkebe ulikuwa wa mumewe alokuwa akipeleka karafuu.

Umeona hiyo "pamoja na namba 9 mpaka 17"? Iandike daima. Zilokaa pamoja zinaelezana.

Picha piga karibu na dirisha, mwanga wa kuja ubavuni, bila flashi, juu ya karatasi nyeupe, pande zote mbili, na jina la faili liwe ile ile namba. Nakala ya picha na kurasa za daftari mpe mtu mmoja unaemuamini, na usitangaze kwa kila mtu nyumbani kwako mna nini.

Kuzisoma

Sasa tufike kwenye utamu wenyewe. Zipange kwa wakati, siyo kwa ukubwa wala uzuri, na utaona historia ya visiwa hivi imelala mezani kwako.

Ya kizamani unayoweza kukutana nayo nyumbani ni pesa ya shaba ya Sultan Sayyid Barghash bin Said. Upande mmoja ina mizani, na mwaka kwa tarakimu za Kiarabu, ١٢٩٩ au ١٣٠٤, yaani 1299 au 1304. Hapa watoto wetu wana bahati, mtoto yeyote aliesoma chuoni atakusomea jina na mwaka wakati mkusanyaji wa Ulaya anahangaika na katalogi. Mpe asome. Kuugeuza mwaka wa Hijria kuwa wa Miladi kwa haraka, zidisha kwa 0.97 kisha ongeza 622, hiyo 1299 inakupa 1882. Barghash alitawala 1870 mpaka 1888, kwa hivyo hesabu inakaa. Mwaka ule ule wa 1299 alipigisha pia riali ya fedha na sarafu za dhahabu, lakini hizo ni adimu mno, mtu akikuuzia ya dhahabu kwa bei ya samaki jua siyo.

Sultan Ali bin Hamud nae alipigisha za senti mwaka 1908, senti 1, 10 na 20, zenye mti wa mnazi, nyingi zikayeyushwa tena. Ukiiona yenye mnazi na jina la Zanzibar, tulia, usiiuze kabla ya kupata maoni ya watu wawili watatu.

Kisha zile kubwa za fedha zenye mwanamke mnene, riali ya Maria Theresa. Mwaka wake 1780. Na hapa pana somo kubwa la kujifunza mapema: mwaka uliopo kwenye sarafu haukwambii siku zote imepigwa lini. Malkia Maria Theresa wa Austria alifariki 1780, lakini wafanyabiashara wa Arabuni na Bahari ya Shamu walikuwa hawaamini nyengine yoyote, basi ikaendelea kupigwa na mwaka ule ule, Vienna, na baadae London, Bombay, Roma na kwengine, mpaka karne ya 20. Kwa hivyo ya kwako inaweza kuwa imepigwa wakati babu yako yuko skuli. Rupia za India za Malkia Victoria za 1862 nazo ni hivyo hivyo, mwaka huo uligandishwa na zikaendelea kupigwa nao mpaka 1874.

Rupia ya India ndo ilokuwa pesa ya hapa kwa muda mrefu, na kwenye kopo lolote la Mji Mkongwe utaikuta. Uzito wake gramu 11.66 ikiwa haijachakaa, fedha karibu asilimia 92. Ya Victoria ya kabla ya 1877 imeandikwa QUEEN, baada ya hapo EMPRESS. Ya George wa Tano ya 1911 itazame kwa lenzi kwenye joho la mfalme, pana tembo mdogo kwenye nishani yake, na tembo huyo alichorwa vibaya Waislamu wa India wakasema ni nguruwe, basi sarafu ikasitishwa na 1912 tembo akachorwa upya. Mimi nafurahi kila nikimuonesha mtu hilo, mana ni kitu cha milimita moja hivi lakini nyuma yake pana watu wazima walokasirika.

Sasa zile za tundu. Zanzibar iliingia kwenye Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, chombo cha Waingereza kilokuwa kikitoa shilingi zenye jina EAST AFRICA, tarehe 1 Januari 1936, na rupia ikabadilishwa kwa shilingi moja na nusu. Shikilia mwaka huo. Kama kwenye kopo mna shilingi ya simba ya 1924, haina maana kwamba ilitumika Unguja 1924, mana hapa wakati ule bado rupia. Ama ilikuja baada ya 1936, ama kuna mtu alisafiri bara au Mombasa akarudi nayo. Ndo pale unapomuuliza mzee, shikamoo bibi, babu aliwahi kukaa Tanga? Na unaandika jibu.

Chukua moja ya tundu, senti 10, tuisome taratibu. Kuna upande wa pembe mbili za ndovu zimelikumbatia tundu, na EAST AFRICA na mwaka. Geuza, kuna taji na jina la mfalme. Sarafu hizi hazina sura kwa sababu ya tundu, na hiyo ndo sababu ya jambo la ajabu: mwaka 1936 Edward wa Nane alikaa kwenye kiti chini ya mwaka mmoja, akajiuzulu Disemba kabla ya kuvishwa taji, na sarafu zenye sura yake Uingereza hazikuwahi kutoka kutumika, lakini senti 5 na senti 10 za kwetu zenye jina lake EDWARDVS VIII zilishapigwa na zikatumika sokoni kama kawaida. Siyo adimu, unaweza kuipata kwenye kopo lolote, ila ni sarafu ya mfalme asiekuwa na sarafu kwao. Za mwaka huo huo ziko pia za George wa Tano, kwa hivyo soma jina, usitosheke na mwaka.

Endelea. Kwenye za George wa Sita za mwanzo pana IND:IMP:, maana yake mfalme wa India. Tafuta ya 1949 au baada yake, maneno hayo hayapo, India ilishajitawala 1947. Kisha tafuta herufi ndogo kwa lenzi. H na KN ni viwanda viwili vya Birmingham, SA ni Pretoria, I ni Bombay. Shilingi za simba za wakati wa vita vya pili, 1942 mpaka 1946, nyingi zina I au SA, mana Uingereza ilikuwa vitani na kupiga sarafu karibu na hapa kulikuwa na akili zaidi. Na shilingi hiyo ya simba ina siri yake: za 1921 mpaka 1925 na 1937 mpaka 1946 zina robo ya fedha, za 1948 na kuendelea hazina fedha hata chembe, na uzito unakaribiana, kama gramu 7.8, kwa hivyo mizani haikusaidii hapo, soma mwaka.

Halafu tafuta senti 5 au 10 ya 1964. Mwaka wa Mapinduzi na wa Muungano, na sarafu imepigwa bila jina la Malkia, imebaki EAST AFRICA peke yake.

Baada ya hapo 1966, Benki Kuu ya Tanzania inafunguliwa na sarafu za kwanza zenye sura ya Mwalimu Nyerere, senti 5 yenye samaki, senti 20 yenye mbuni, thumni, yaani senti 50, yenye sungura, shilingi yenye mwenge. Senti 10 ya punda milia ikaja 1977. Seti hii ndo namshauri kila anaeanza aikamilishe mwanzo, ni rahisi, wazee wanazo, wanakupa. Na malizia na zilizomo mfukoni mwako leo, 50 ya vifaru yenye sura ya Mzee Mwinyi, 100 yenye Nyerere, 200 ya simba ilotoka 1998 na 500 ya nyati ya 2014, zote mbili zina sura ya Mzee Karume. Toa moja moja safi uweke sasa kabla hazijachakaa, zitakuwa za zamani na hizi.

Kwa kuhakiki tumia Numista, ni katalogi ya onlaini ya bure, ina picha, uzito na kipenyo, andika nchi na mwaka itakuletea. Linganisha na yako, ikikataa uzito jiulize.

Kununua, na feki

Riali ya Maria Theresa ndo inayoigizwa kuliko zote kwenye vitu vya watalii. Uzito wa kweli gramu 28.06, haiendi kwenye sumaku, na ukingoni ina maandishi IVSTITIA ET CLEMENTIA, feki nyingi zina ukingo mtupu au wenye mstari wa kiungo cha kumiminia. Kama bado una shaka, ipime kwenye maji. Weka gilasi ya maji juu ya mizani, ibonyeze isome sifuri, funga sarafu kwa uzi mwembamba uitumbukize izame yote bila kugusa chini wala pembeni, soma namba. Ya kweli itakupa kama 2.75. Uzito wa 28.06 ukigawanya kwa 2.75 unapata 10.2, huo ndo uzito wa fedha ya aina ile. Ikikupa 3.3 hivi, umeshika shaba nyeupe au metali nyengine ya rahisi. Ikaushe vizuri kabla ya kuirudisha.

Muuzaji akikwambia "hii imechimbwa, imetoka magofuni", hapo wacha. Siyo kwa sababu ya feki tu. Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984 zilipatikana sarafu za fedha zaidi ya 2,000, ndogo ndogo, zilopigwa huku huku mwambao wetu, na pamoja nazo dinari chache za dhahabu za kigeni. Za fedha hazina mwaka. Dinari ndo zilosaidia kukadiria kwamba hazina ile ni ya karne ya 11, mana zilikuwa pamoja na zikachukuliwa pamoja. Lau angetokea mtu akauza dhahabu kwa sonara na fedha akagawa kwa watalii, tusingejua kitu kuhusu watu wale. Kwa hivyo ukilima shamba au ukichimba msingi ukakutana na sarafu, hata moja ya shaba ilooza, usiing'oe ukaitia mfukoni. Iache ilipo, piga picha ukiweka na kitu cha kuonesha ukubwa, tia alama pahala, simamisha kuchimba hapo, na wapelekee habari Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale, Unguja au Pemba. Na ile picha itie kwenye daftari lako, na tarehe, na jina la shamba.